Nyasi za Maduhu, Maziwa ya Nyanzala

Jumapili, 2 Septemba 1984

Leo baba mkwe amefungua ngitili. Ninaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la maandalio ya masomo kwa kuwa madaftari mengine hayapatikani, na ninaandika kwa sababu nisipoandika nitamgombeza mtu.

Mimi ni mtoto wa Mwanza mjini, binti wa karani wa reli. Kabla ya kuolewa huku upande wa Kharumwa sikujua ngitili ni nini. Ni kipande cha malisho ambacho mwenyewe hukifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia. Nyasi hukua, hukauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikibana mzee huondoa miiba mlangoni, ng'ombe wakaingia kula akiba yao. Mzee Maduhu, baba mkwe wangu, ana ng'ombe tisa. Mmoja tu ndiye mwenye maziwa, anaitwa Madoa, na maziwa ya Madoa ndiyo chakula cha mwanangu.

Mwanangu ni Nyanzala, miezi mitano. Babu yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa amezaliwa wakati wa njaa. Nilikasirika, nikaona anamtabiria mtoto mabaya. Mwezi wa saba niliugua homa ya matumbo wiki tatu, na nilipoinuka kitandani matiti yalikuwa makavu. Mume wangu Ignas yuko machimboni upande wa Bugarama tangu Machi, anatafuta dhahabu. Dhahabu mpaka sasa haijapata habari kwamba inatafutwa.

Jumatano, 5 Septemba

Darasa la sita, sayansi. Nilichora ubaoni jua, nyasi, ng'ombe, mtu, na mishale katikati. Nikawaambia kila anayekula hupata sehemu ndogo tu ya nguvu iliyopitia kwa yule anayeliwa, kwa kuwa nyingi alikwisha kuitumia mwenyewe kwa kutembea, kupumua na kujipa joto. Katika kumi hupita kama moja. Msichana mmoja, Euphrasia, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo anayekula mwisho ndiye anayeonewa?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Anayekula mwisho nyumbani kwangu ana kilo tano na robo.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimeipima ngitili kwa miguu: hatua mia mbili arobaini kwa mia moja hamsini. Kisha nikakata nyasi zote za hatua tano kwa tano, nikazifunga kwenye khanga nikazipeleka zahanati. Klara, muuguzi, alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili nilipozining'iniza kwenye mizani ya kupimia watoto. Kilo mbili na nusu. Nikapiga hesabu pale pale. Kwa ng'ombe tisa, nyasi zinafika mwisho wa Novemba. Mvua ikija kama kawaida yake, tumepona. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu niugue.

Jumapili, 9 Septemba

Nililala vizuri bure. Leo amekuja mzee mmoja anaitwa Lushinge, kutoka mbali huko upande wa Mwadui, na ng'ombe kumi na wanne wamekonda hata mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Alimsalimu baba mkwe, wakakaa, wakanywa maji. Hakuomba chochote. Baada ya muda Maduhu akainuka, akaenda kuondoa miiba mlangoni pa ngitili, na wale kumi na wanne wakaingia wakiwa wanakimbia.

Jumatatu, 10 Septemba

Ishirini na watatu sasa. Nyasi zinafika Oktoba 11 au 12.

Jumanne, 11 Septemba

Nilimpelekea baba mkwe hesabu yangu. Nilipiga goti kama inavyopasa, nikamwamkia, kisha nikafungua daftari nikamsomea yote, kilo na siku. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hesabu ni nzuri, mayu," akasema. Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Sasa nisomee na hii. Mwaka wa sabini na nne ng'ombe wangu walikaa kwa Lushinge miezi mitano. Walikula nyasi zake, na yeye wake wakafa wanane. Hiyo umeiandika wapi?"

"Baba, mimi nina mtoto."

"Na mimi nina mjukuu."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Miaka kumi mtu anabeba nyasi za mwenzake kichwani, na mtoto wangu ndiye wa kuzirudisha. Nimemwita Lushinge mwizi wa nyasi, kwa sauti ndogo, lakini nimemwita.

Ijumaa, 14 Septemba

Upepo. Vumbi hata ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Jumanne, 18 Septemba

Madoa: chupa tatu za soda asubuhi, mbili jioni.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimetembea mpaka Kharumwa, mtoto mgongoni, kutafuta maziwa ya kopo. Duka la Mzee Mansukhlal lina viberiti, chumvi kidogo, na majembe ambayo hakuna wa kuyanunua mwaka huu. Mkewe, Dhanbai, alitoka nyuma akiwa ameshika kikombe cha chai ya rangi, akanionyesha ndani ya kikombe ili nisidhani wananificha.

"Mama Nyanzala, hata sisi hatuna. Toka mwezi wa sita lori halijaleta."

Akamchukua mtoto mapajani, akamwangalia macho, akamwangalia nyayo. Nilipoondoka alinipa vijiko sita vya glukosi vilivyofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Alinikataza kumshukuru. Nililia njiani, nikafuta uso kabla ya kufika kijijini kwa kuwa mwalimu haonekani akilia.

Jumatano, 26 Septemba

Nilijaribu uji wa unga wa njano wa msaada. Mtoto ameharisha siku mbili. Klara amenikaripia: maziwa tu, na maji yaliyochemka. Kilo tano kasoro.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nimeota mvua. Aibu hata kuandika.

Ijumaa, 5 Oktoba

Madoa: chupa mbili asubuhi, moja jioni. Ngitili imebaki upande wa mashariki tu. Kwingine ni vishina na mavi.

Jumatano, 10 Oktoba

Leo nimetazama kwa makini jinsi baba mkwe anavyokamua. Anamleta ndama wa Madoa kwanza, anamwacha anyonye, kisha anamvuta na kumfunga mguuni pa mama yake, anakamua, halafu anamfungua tena amalizie. Nimekadiria ndama anakunywa chupa mbili kwa siku. Chupa mbili! Karibu sawa na siku nzima ya mwanangu, zinaingia kwenye mdomo ambao hautatulisha chochote kabla ya miaka miwili. Nilikaa na hilo jambo kutwa nzima darasani. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nyasi zimekwisha. Nilikosea kwa siku mbili tu. Baba mkwe na Lushinge wameondoka leo kwenda kutafuta malisho upande wa mtoni, watarudi baada ya siku tatu au nne. Wamewachukua ng'ombe wote wenye nguvu za kutembea. Madoa amebaki, na rundo dogo la nyasi alizozikata mzee kwa mundu na kumwekea akiba chini ya ghala. Kukamua ameniachia mimi.

Alipokuwa anaondoka alisema, "Ndama aanze yeye. Usimnyime."

Hakusema kwa nini. Nadhani kwake ni jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua, ni kama kumwambia mtu afungue mdomo kabla ya kula.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimemfungia ndama kwenye kibanda cha kuni. Nimemkorogea uji mwepesi wa unga wa njano, akanywa baada ya kulazimishwa kwa kidole. Nikajiambia kwamba katika mlolongo huu kuna mdomo mmoja umezidi, na nimeuondoa.

Madoa hakutoa kitu. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi. Kiwele kimejaa, nakiona, nakishika ni kizito, lakini hakuna kinachotoka isipokuwa matone ya kuchafua chini ya kibuyu. Akanipiga teke la paja. Nimempa Nyanzala maji yenye vijiko viwili vya glukosi ya Dhanbai.

Jumatatu, 15 Oktoba

Hakuna kitu. Madoa analia zizini, na ndama anamjibu kutoka kibandani. Nimejiambia atazoea, kwa kuwa maziwa lazima yaende mahali. Wapi yataenda? Nimempa Nyanzala glukosi tena. Analala sana, sipendi anavyolala.

Jumanne, 16 Oktoba

Sikwenda shuleni. Nilipofungua kibanda asubuhi ndama alikuwa amelala ubavu, nyuma kote amejiharia, uji ule ule uliomharisha mwanangu. Nilijua. Nilikuwa nalijua, nilimwona mtoto wangu mwenyewe, na bado nilimpa. Nilimbeba, ni mwepesi hata mimi niliweza, nikampeleka kwa mama yake, nikamwekea chuchu mdomoni. Hakuwa na nguvu za kunyonya. Madoa akamlamba, akamlamba, akaanza kuachia maziwa yenyewe, yakidondoka vumbini, na mimi sikuwa na kibuyu mkononi. Nilikimbia kukichukua. Nilipata kikombe kimoja. Saa nne ndama akafa.

Nilipata kikombe kimoja, na nilimpa mtoto akiwa na njaa ya siku mbili, akakinywa bila kupumzika, na nilifurahi. Nimeandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Ndama alikuwa amelala amekufa, na mimi nilifurahi.

Kisha nikaelewa nilichokifanya. Ng'ombe wa huku si wa picha za kitabuni. Hatoi maziwa kwa mkono. Anatoa kwa ndama, na mtu anaiba yake pembeni. Ule mdomo niliouona umezidi ndio uliokuwa mlango. Nimeufunga mimi, mwalimu wa sayansi mwenye cheti.

Jumatano, 17 Oktoba

Baba mkwe na Lushinge wamerudi adhuhuri, ng'ombe wamewaacha mtoni na wachungaji. Nilimsubiri baba mkwe njiani, nikapiga goti kwenye vumbi, nikamwambia yote kabla hajafika zizini. Nilitaka anipige. Ignas angenipiga kelele mpaka jirani wakusanyike.

Aliweka fimbo yake chini. Kisha akauliza, "Amekufa lini?"

"Jana saa nne."

"Umemzika?"

"Hapana, Baba. Sikujua nifanye nini."

"Afadhali hukujua," akasema. "Lete kisu."

Alimchuna yule ndama kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao, kichwa na kwato akaviacha vishikane na ngozi. Akaisugua ndani kwa majivu na chumvi iliyobaki nyumbani, yote. Kisha akaenda chini ya ghala, akachukua nyasi za akiba, zile za mwisho kabisa, akaijaza ngozi, akaishona kwa kamba ya katani. Nilitaka kusema hizo nyasi ni chakula cha siku nne. Nikafunga mdomo. Nimekwisha kusema vya kutosha.

Jioni aliiweka ile ngozi mbele ya Madoa. Madoa akanusa. Akarudi nyuma, akanusa tena kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulamba. Mzee akachuchumaa haraka, akakamua. Chupa moja na robo.

Aliponikabidhi kibuyu alisema, "Na mimi nilifanya makosa. Nilikwambia usifanye, sikukwambia kwa nini." Afadhali angeniita mjinga. Ningelala.

Alhamisi, 18 Oktoba

Chupa moja na nusu. Kazi yangu ni kuishika ngozi isianguke wakati anakamua.

Jumatano, 24 Oktoba

Chupa moja na robo. Madoa anakula majani ya migunga tunayomkatia, na nyasi za paa la kibanda cha kuni. Lushinge ndiye aliyepanda juu kuezua. Hatujasemeshana.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mawingu. Yakapita.

Alhamisi, 1 Novemba

Ng'ombe watatu wamekufa huko mtoni, wawili wa Lushinge. Wachungaji wametuletea nyama. Nimekula huku nikifikiri kwamba hii ndiyo ngitili yote, imepungua mpaka imetosha sufuria moja.

Jumatatu, 5 Novemba

Barua ya Ignas imeletwa na mtu aliyepita. Anasema mashimo yamejaa watu, anasema tuvumilie. Ametutumia salamu nyingi. Nimeikunja nikaitumia kuwashia moto.

Ijumaa, 9 Novemba

Ngozi imeanza kuoza. Baba mkwe ameitoa nyasi, akaianika, akaisugua majivu. Chumvi hakuna, hata kwa Mansukhlal. Madoa leo amenusa, akageuza kichwa. Alikuja kulamba baadaye sana. Robo tatu ya chupa.

Jumatatu, 12 Novemba

Amekataa. Madoa ameitazama ngozi kama anavyolitazama jiwe.

Nyanzala ana kilo nne na robo. Klara alinionyesha mshale wa mizani kisha akatazama dirishani. Ana miezi minane karibu, na uzito wa mtoto wa mwezi mmoja. Halii tena. Nilikuwa nachukia akilia, sasa namfinya kidogo ili nisikie.

Jumanne, 13 Novemba

Amekataa tena. Kiwele kina kitu, si kingi, lakini kipo. Kiko umbali wa shubiri moja na mdomo wa mwanangu na hakifiki. Nimejaribu kumweka anyonye chuchu yenyewe, Madoa akarusha teke likapita sikioni pa mtoto. Nilimkumbatia nikakimbia naye mpaka barabarani, nikakaa chini. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika humu.

Jumatano, 14 Novemba

Asubuhi Lushinge alikuja mpaka mlangoni kwangu, akasimama mbali kidogo kama anavyosimama mkwe. Ni mara ya kwanza kunisemesha.

"Mayu, nikikwambia jambo usinikasirikie. Mimi nimelelewa na ng'ombe. Mama yangu alikufa siku niliyozaliwa. Bibi yangu alinifunga ngozi ya ndama."

Sikuelewa. Baba mkwe, aliyekuwa nyuma yake, alielewa mara moja, akaniangalia mimi, akangoja. Hakuagiza. Alingoja nikubali.

Nilimvua mwanangu nguo. Baba mkwe alikata ile ngozi, akaacha mgongo na kipande cha mkia, sehemu isiyooza sana, akamzungushia Nyanzala kama khanga. Harufu ilikuwa mbaya, na niliona aibu. Kisha Lushinge akachovya kitambaa kwenye mkojo wa Madoa mwenyewe, akampaka mtoto kichwani. Mimi, mwalimu, nilishuhudia mtoto wangu akipakwa mkojo wa ng'ombe na nikasema paka na huku.

Nilipiga magoti mbele ya Madoa, nimemkinga mtoto kwa mikono miwili. Pembe zilikuwa pande zote mbili za kichwa changu. Alinusa ngozi. Akapandisha pua, akanusa shingo, akanusa utosi. Akatoa pumzi moto usoni pangu. Mtoto hakushtuka hata kidogo.

Akamlamba. Ulimi ule ni mkavu kama msasa, uliichukua ngozi ya paji la uso wa mtoto ikawa nyekundu, na Nyanzala akalia, sauti kubwa, sauti ambayo sijaisikia kwa majuma mawili. Na Madoa aliposikia ile sauti akajibu, akainua mkia kidogo, na kule nyuma yake nikasikia maziwa yanapiga ndani ya kibuyu.

Nusu chupa. Baba mkwe alikuwa akikamua huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Nilimwamkia Lushinge shikamoo, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi. Akaitikia marahaba kama vile hajui ninaomba msamaha.

Alhamisi, 15 Novemba

Nusu chupa asubuhi, nusu jioni.

Jumapili, 18 Novemba

Zaidi kidogo ya nusu, mara mbili.

Jumatano, 21 Novemba

Nusu. Paji la uso la mtoto lina malengelenge, namfunika kitambaa chembamba pale, Madoa anakivuta kwa meno.

Jumapili, 25 Novemba

Nusu. Kilo nne na robo. Hakupungua.

Ijumaa, 30 Novemba

Madoa hawezi kusimama peke yake. Wazee wawili wanamwinua kwa gogo kila asubuhi, mmoja huku mmoja kule, na wakati anainuliwa tayari ananyoosha shingo kumtafuta mtoto.

Jumatatu, 3 Desemba

Mvua. Tangu saa tisa mchana mpaka sasa. Watoto wa shule wote walitoka nje bila ruhusa, na mimi nilitoka mbele yao.

Jumapili, 9 Desemba

Majani mabichi ya kidole kimoja kila mahali. Madoa amekula kutwa akiwa amelala, popote shingo inapofika. Baba mkwe hakumzuia ingawa alisema ng'ombe aliyekonda vile, majani mabichi humvuruga tumbo. Jioni nilimpeleka mtoto. Madoa hakuinuka. Alimlamba akiwa amelala ubavu, na tulipata robo, ya mwisho. Alikufa kabla ya giza.

Baba mkwe hakula nyama yake. Lushinge pia hakula. Mimi nilikula, mtoto anataka mama mwenye nguvu, na sikuona utamu.

Jumapili, 16 Desemba

Mtamba wa Lushinge amezaa juzi. Watatu wengine wamemfia; anaondoka na wanane waliobaki, lakini mtamba na ndama wake amewaacha kwa Maduhu, bila maneno, kama alivyokuja. Chupa mbili kwa siku, na ndama anaanza yeye. Kilo nne na robo tatu.

Lakini kila asubuhi, saa ile ya kukamua, Nyanzala analia. Ana maziwa, hayataki. Nimempakata, nimemwimbia, nimembadilisha nguo. Anageuza kichwa huku na huku na kunyoosha paji la uso juu, anatafuta.

Leo nilitazama kama kuna mtu. Nikainama, nikamlamba, kutoka kwenye nyusi mpaka utosini, mara tatu, kwa nguvu kama alivyozoea. Akanyamaza. Akafungua mdomo.